Papai la Waruguru

Kitanda kilikuwa kimeshapanda juu ya pikapu, miguu imeelekea mbinguni, na sasa ilikuwa zamu ya godoro. Kenga alilishika upande mmoja, Gerishom mwenye pikapu upande wa pili, wakalirusha. Hakuna jirani aliyekuja kutia mkono. Walikuwa wamekaa barazani kwa Gladys, ng'ambo ya njia, wanachambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa zamani, macho yote huku.

Si jambo la kumtakia mtu, kumsaidia mkeo kupakia vyombo na wewe ndiye unayeachwa. Lakini Kenga hakujua aifanyie nini kingine mikono yake. Waruguru alikuwa akitoa vitu ndani kimya kimya na kumpokeza: sufuria zilizofungwa ndani ya leso, jiko, ndoo ya vikombe vilivyoviringishwa magazeti. Alimpokeza kama anavyompokeza mteja, bila kumtazama usoni. Binti yao Hannah alikuwa ameshakaa mbele, kwenye kiti cha pembeni ya dereva, amevaa sare ya shule ambayo hataihitaji tena, kwa kuwa ndiyo nguo iliyobaki nje ya mabunda.

Kenga alikuwa na neno moja lililobaki. Alikuwa amelificha tangu kabla ya haya yote. Kuna wakati aliona akilisema mkewe atashusha vyombo. Kuna wakati aliona akilisema ndiyo basi, hatamwona tena. Kwa hiyo aliendelea kupakia.

Mabatini ni mtaa mdogo, upande wa juu wa barabara ukitoka Malindi kwenda Marereni. Nyumba za udongo na za matofali zimechanganyika bila mpango, msikiti mmoja, makanisa kupita haja, mashine ya kusaga. Nusu ya watu wake ni Wagiriama wa hapo hapo, wenye mashamba ya mahindi na mikorosho huko nyuma. Nusu ni watu wa bara waliofuata kazi ya chumvi au biashara, wakapanga chumba kwa muda, na ule muda ukawa miaka. Waruguru alikuja hivyo, nyuma ya dada yake aliyekuwa akiuza mitumba. Dada alirudi Murang'a, yeye akabaki kwa sababu ya Kenga. Ndugu za Kenga walimpokea shingo upande, kisha wakamzoea. Alijifunza Kigiriama cha kutosha kuchekwa nacho, akawa akichekwa na yeye akicheka. Akafungua kibanda cha vifaa vya nyumba: misumari, balbu, nyaya, rangi kidogo, na makufuli.

Wizi ulianzia kwa Gladys, yule mjane wa ng'ambo ya njia. Alirudi kutoka mazishini, akafungua kufuli lake kwa ufunguo wake kama siku zote, akaingia, akakuta runinga haipo, mtungi wa gesi haupo, na kanga zake za sandukuni zimekwenda. Dirisha zima. Paa zima. Na kufuli alilikuta limefungwa vizuri kabisa. Hilo ndilo lililowatia watu baridi. Mwizi wa kawaida huvunja. Huyu aliingia, akachukua, akatoka na kufunga mlango nyuma yake kama mwenye nyumba anayekwenda kazini.

Baada ya Gladys ikawa nyumba ya imamu. Kisha mwalimu Cliff, kisha wale wapangaji wa nyuma ya mashine. Kila mara mchana, watu wakiwa chumvini au shambani au msibani, na kila mara mlango unakutwa ulivyoachwa. Askari walikuja safari ya kwanza, wakauliza nani mwingine alikuwa na ufunguo, wakaambiwa hakuna, wakaenda zao. Safari zilizofuata ziliishia kwenye simu.

Ngowa, kaka mkubwa wa Kenga, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Aliita baraza, na kila mtu akaja na lake. Vijana wapige doria: wakapiga doria usiku, mwizi akaendelea kuja mchana, vijana wakachoka. Wapangaji wasiojulikana watolewe: ikaonekana kila mpangaji anajulikana na mtu fulani. Mmoja akasema hili ni jini, limetumwa, na wale waliomcheka barazani waliondoka hapo wakienda kutafuta ubani. Watu wakaanza kutembea na mali zao. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akienda kuswali na pasi ya umeme ndani ya kikapu.

Na wote, wenye jini na wasio na jini, walinunua makufuli mapya. Makubwa zaidi, mazito zaidi, na yote kwa Waruguru, kwa kuwa ndiye aliyeyauza. Maboksi aliyokuwa akikaa nayo mwaka mzima yakawa yanakwisha kabla vumbi halijayashika. Mteja mmoja akamtania, "Mama Hannah, wewe na mwizi mmegawana kazi. Yeye anafungua, wewe unafunga." Watu waliokuwa kibandani wakacheka, naye akacheka. Baadaye neno lile lile lilirudiwa kwenye mashine ya kusaga, na hakuna aliyecheka.

Kenga hufanya kazi ya kukwangua chumvi. Huko chumvini wafanyakazi wana masanduku ya mbao chini ya banda, kila mtu na lake, ya kuwekea mabuti na reki, na kila sanduku lina kufuli lake. Makufuli mengi Kenga ndiye aliyeyaleta kutoka kibandani kwa mkewe, wenzake wakimwagiza. Siku moja adhuhuri, jasho limemwingia machoni, alifungua sanduku, akatoa mabuti, akaingiza mguu, mguu ukakataa. Mabuti yalikuwa madogo. Akatazama vizuri. Yalikuwa ya Ndirangu, jirani yake wa kazini. Alikuwa amefungua sanduku la Ndirangu kwa ufunguo wake mwenyewe.

Aliyarudisha, akafunga. Akangoja wenzake waende kula, akaanza kuzunguka na ule ufunguo, sanduku kwa sanduku. Mengine yalikataa. Mengine yalifunguka kwa ulaini ule ule wa lake. Hapo akaelewa kila kitu, na alitamani asielewe. Makufuli yale, makubwa kwa madogo, yalikuwa ya rahisi, ya jina moja na boksi moja, na huko yanakotengenezwa hawakujisumbua kutengeneza funguo nyingi. Mtu yeyote aliyenunua mawili matatu kwa mkewe alikuwa na ufunguo wa sehemu nzuri ya Mabatini. Hapakuwa na jini. Na kila aliyeibiwa akaenda kununua jipya, alikuwa akijifungia na mwizi yule yule.

Likampita na wazo lingine, dogo, kuhusu nani hushika yale maboksi na kuyapanga rafuni. Hakuligeukia kulitazama. Liliendelea na njia yake.

Alipanda baiskeli jioni akiwa na nia ya kwenda moja kwa moja kwa Ngowa. Njiani akayapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya, na kila alivyoyapanga yalifika mahali pale pale. Nani aliyeyauza makufuli? Mkeo. Nani anayezishika funguo zake? Mkeo. Anatoka wapi mkeo? Aliwajua watu wake. Wangeuacha wizi wote waukamate ulimi wa mkewe wa kibara tu. Na kumwambia Waruguru mwenyewe aliona ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa Waruguru si mtu wa kukaa na jambo. Angelibeba boksi lake kichwani, akasimama kati ya njia, akamwambia kila mtu alete kufuli lake. Basi Kenga akala sima, akaoga, akalala. Alichomwambia mkewe ni kwamba asiende tena Malindi kuchukua makufuli, maneno yamekuwa mengi. Waruguru akamjibu kwamba maneno hayafungi mlango, watu wanahitaji makufuli.

Wiki haikupita, Ngowa akatangaza kwamba wazee wamekubaliana. Wamempata Kambi, bingwa wa kiraho cha papai, anatoka huko ndani mbali na barabara. Kiraho ni kiapo. Papai hukatwa, maneno husemwa juu yake, na kila mtu mzima hula kipande huku akisema kwamba hakuiba wala hamjui aliyeiba. Msema kweli humeza akaenda zake. Mwongo huvimba mdomo akashindwa kula hata uji, mpaka akiri. Kila nyumba ilitakiwa, asibaki mtu.

Imamu alilikataza jambo hilo siku ya Ijumaa, waumini wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakaulizana njiani kiraho ni saa ngapi. Makanisa nayo yalikataza. Kanisa la Waruguru lilikuwa kali kuliko yote: atakayekula papai lile ametoka kwenye ushirika. Yeye alikuwa ndiye anayeongoza kwaya ya akina mama, na kwa mwanamke aliye mbali na kwao, kwaya ile ilikuwa ndiyo dada zake.

"Sili," alimwambia Kenga. "Sikuiba, na Mungu anajua sikuiba."

"Ni kipande kidogo tu, Mama Hannah."

"Udogo wake sio shida yangu. Nikitaka papai nitanunua sokoni."

Kenga alibembeleza siku kadhaa. Hakumwambia anachokijua. Alimwambia tu kwamba watu wanamtazama, kwamba yeye ni mtu wa bara, kwamba wenzake wa kanisani wataficha macho na kula, na hakuna atakayewauliza. Waruguru akasema, hao ni wao.

Sasa, kiraho kina mlango mmoja wa nyuma. Mtu akiwa mgonjwa wa kitandani, au yuko safari ya mbali, mumewe au nduguye aweza kula kwa jina lake. Kenga alilijua hilo tangu utotoni, na usiku wa kuamkia siku yenyewe aliona kama ametupiwa kamba. Angekula vipande viwili. Waruguru angebaki na kanisa lake, ukoo ungebaki na papai lake, na kila mtu angelala.

Watu walikusanyika kiwanjani asubuhi. Waliomtarajia Kambi mzee wa vifaranga na vibuyu walikuta mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, simu mbili mfukoni, mwenye haraka ya kwenda kwingine. Mapapai yalikuwa kwenye beseni la plastiki. Alisema maneno yake kwa sauti ya chini, akakata, watu wakapanga mstari. Wengine walikula wakitetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukawa mazungumzo. Kenga alikula chake, akasema aliyotakiwa kusema, akameza.

"Na mkeo?" Kambi akauliza.

"Yuko kitandani. Ana homa."

"Homa ya kumlaza?"

"Ya kumlaza."

Kambi alimtazama kidogo. "Papai hili halidanganywi, kaka. Nakuuliza tena. Mkeo ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa," Kenga akasema, akapokea kipande cha pili, akalitaja jina la Waruguru mbele ya watu wote, akala.

Huyu Kenga hakuwa mtu wa kuyachezea mambo hayo. Aliyaamini. Aliondoka pale mstarini akiupapasa mdomo wake kwa ulimi, anangoja uanze kuvimba, na alikuwa tayari uvimbe, ilimradi iwe kwake.

Lakini hatari haikutokea mdomoni. Gladys alikuwa amekula mapema. Alipita njia ya madukani akirudi nyumbani, akamkuta Waruguru amesimama juu ya stuli kibandani kwake, mzima wa afya, anapanga makopo ya rangi na kuimba wimbo wa kanisa. Gladys akanunua balbu asiyoihitaji.

"Pole na homa, Mama Hannah."

"Homa gani?" Waruguru akauliza, akicheka. "Nani ana homa?"

Gladys aligeuka na balbu yake, akarudi kiwanjani kwa hatua za haraka, na akafika kabla Kambi hajamaliza kuosha kisu.

Hakuna mdomo uliovimba siku ile, wala siku zilizofuata. Mabatini nzima ilikuwa safi. Ingekuwa mahali pengine, watu wangeanza kulitilia shaka papai. Pale walianza kuhesabu nani alikula kwa mdomo wa mwingine, wakapata mtu mmoja.

Ngowa alikuja nyumbani jioni moja, akakataa chai. Hakuja na ukali, alikuja kama mtu aliyefiwa. Alikaa na mdogo wake uani, akamweleza polepole. "Ungesema amekataa, tungesema ni mambo ya kanisa lao. Wako wengine waliokataa, wamesemwa siku moja, yamekwisha. Wewe ukasema ni mgonjwa. Mtu hamfichi asiyekuwa na kitu, Kenga. Sasa watu wanasema mkeo aliogopa papai, akajificha nyuma ya mdomo wako."

Kenga akasema hakutumwa na mkewe, mkewe hata hakujua. Ngowa akatikisa kichwa. Akasema hilo ndilo neno ambalo mume yeyote angelisema. Hakukuwa na dawa ila kiraho kirudiwe, na Waruguru ale mwenyewe, mbele za watu, na mapema.

Hivyo ndivyo Waruguru alivyojua kwamba jina lake limeliwa. Alikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha Ngowa mkononi, amesikia yote. Hakupiga kelele. Aliinywa ile chai mwenyewe, akiwa amesimama, mpaka ikaisha, akaingia ndani.

Kanisa nalo halikungoja. Jumapili iliyofuata baada ya ibada, Gerishom, ambaye ni shemasi, alitumwa kumwambia kwamba apumzike kwaya. Waruguru akauliza kosa lake. Gerishom, ambaye si mtu mbaya, aliangalia viatu vyake. Alisema wazee wanaona kwamba kiraho kimeliwa kwa jina lake na mumewe, na mume na mke ni mwili mmoja. Atubu kwanza. Waruguru akauliza atubu nini. Gerishom akasema hakuambiwa hilo, aliambiwa tu alete ujumbe.

Kwa hiyo wale wa papai walimtenga kwa kuwa hakula, na wale wa kanisa wakamtenga kwa kuwa amekula.

Kibandani watu wakaacha kuja. Hata msumari walikuwa wakiufuata Marereni. Asubuhi akifungua alikuwa anakuta kipande cha papai juu ya meza yake ya kuuzia, kimekatwa vizuri, mbegu zimetolewa, kama kinavyokatwa cha mgeni. Alikuwa anakitupa, anapangusa meza, anakaa. Kesho yake kiko kingine. Hakuwahi kujua anayekiweka, na baada ya muda aliacha kutaka kujua, kwa sababu aliona angeweza kuwa mtu yeyote kati ya wote.

Kisha Ngowa akaitisha baraza la kumkalisha. Waruguru alikwenda. Alivaa gauni lake la kanisani, akasimama katikati ya kiwanja, akawaambia kwa Kiswahili na kwa kile Kigiriama chake, ambacho safari hii hakikumchekesha mtu, kwamba hakuiba, hamjui aliyeiba, na hatakula. Walimuuliza yale yale kwa namna nyingi. Mabatini yote ilikuwa pale, hakuna aliyetaka kukosa. Walipotawanyika kurudi makwao, mke wa Ngowa alifungua kufuli lake kwa ufunguo wake, akaingia, akakuta nyumba nyeupe. Redio, cherehani, mtungi, hata magunia ya mahindi. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri.

Mtu angedhani hilo lingemtoa Waruguru hatiani, maana alikuwa amesimama mbele ya macho yao wakati wote. Watu wakasema: mnaona sasa, alituweka pale tumtazame yeye ili wenzake wafanye kazi.

Haya yote aliyabeba. Kenga alikuwa akimwona anavyoyabeba, na kila siku alijiambia kesho atasema, na kila siku kusema kulizidi kuwa kugumu, kwa kuwa sasa angeulizwa na sababu ya kunyamaza. Kilichomshinda Waruguru ni Hannah. Mtoto alirudi shuleni siku moja na chakula chake chote ndani ya mkebe. Kwa kawaida walikuwa wakila kwa kugawana, vijiko vyote mkebe mmoja. Mama akamuuliza mbona hakula. Akasema wenzake wamehama benchi, na mtu hawezi kula peke yake wote wanamwangalia mdomo. Usiku ule Waruguru alimpigia simu dada yake Murang'a. Asubuhi akamtafuta Gerishom, kwa kuwa ndiye mwenye pikapu, na Gerishom akakubali kuwafikisha Malindi kwenye mabasi. Labda alikuwa akijaribu kulipa kitu.

Sasa vyombo vilikuwa vimekwisha kupakiwa. Gerishom alikuwa akivuta kamba juu ya godoro na kufunga mafundo. Waruguru alitoka ndani na beseni la mwisho, la nguo zilizoloa, hazikupata muda wa kukauka. Kenga akalishika lile beseni, na hakulipokea wala hakuliachia.

"Mama Hannah. Ni makufuli."

"Makufuli gani?"

Akamwambia. Sanduku la Ndirangu, mabuti yaliyokataa mguu, masanduku mengine yaliyofunguka. Alizungumza haraka na kwa sauti ya chini, macho yakienda barazani kwa Gladys na kurudi. Akamwambia hakuna jini, hakuna mtu wa ndani, ni makufuli tu, funguo zao zinafanana, na mwizi aweza kuwa mpita njia. Akamwambia washushe vyombo, waende pamoja kwa Ngowa sasa hivi, ataonyesha mwenyewe, atafungua milango mbele yao.

Waruguru alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulifunguka kidogo mwanzoni, Kenga aliuona, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa uliomsumbua bila kujulikana. Kisha ukafungika.

"Ulijua lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini, Baba Hannah?"

"Kabla ya papai."

Beseni lilikuwa bado kati yao, maji ya nguo yanadondoka miguuni.

"Ningewaambia," Waruguru akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia. Wangesema ni wewe."

"Wamesema nini sasa?"

Kenga akatazama tena barazani kwa Gladys.

"Ningewaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na boksi langu mkononi. Wangenitukana. Labda wangenifukuza. Lakini ningekuwa nimesema. Wewe umenisemea mara mbili. Mara moja kwa kula, mara moja kwa kunyamaza." Akalivuta beseni likamtoka Kenga mikononi, akaliweka juu ya pikapu, akarudi akasimama mbele yake. "Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye kama ulivyomdanganya yule wa papai. Siku ile ulipofungua lile sanduku. Ulifikiri ni mimi?"

Kenga alikawia. Hakukawia sana. Mtu aliyekuwa barazani kwa Gladys hangejua kwamba kuna aliyekawia. Akasema hapana.

Waruguru akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji yake. Akapanda mbele, akampakata Hannah, akafunga mlango. Gerishom akamwambia Kenga kwaheri, ndugu, akawasha. Hannah alimpungia baba yake mpaka kona ya mashine. Mama yake alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba.

Kenga alikwenda kwa Ngowa saa ile ile, akasema yote. Alifungua mlango wa kaka yake kwa ufunguo wake, wa kwanza aliojaribu, watu wakashuhudia. Ngowa alikaa kitako kwenye kizingiti. Akaligeuza kufuli mkononi, akasema, "Kumbe ndivyo alivyofanya." Na walio karibu wakaitikia kwamba kumbe ndivyo, na ndiyo sababu amekimbia.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa Mabatini hadi leo.

Mwizi hakupatikana. Wizi uliendelea kwa miezi kadhaa, ukapungua wenye uwezo walipochomelea milango ya chuma, ukahamia kwa wasio na uwezo. Gladys alinunua runinga nyingine, nayo ikaibwa, hajanunua tena. Kambi aliitwa Ngomeni kwa wizi wa mashine za boti, na huko pia papai lilimezwa na kila mtu. Ngowa alijiuzulu uenyekiti kwa ajili ya presha, akafa baada ya mwaka na nusu. Mwalimu Cliff alihamishwa. Gerishom aliuza pikapu, akahamia Tezo, analima. Kibanda kinakodishwa na kijana anayetengeneza simu.

Waruguru hakukaa Murang'a. Yuko Thika, anauza mboga, na hana kanisa. Hannah yuko sekondari, Kigiriama kimemtoka. Kenga aliwafuata mara moja. Alipewa chai na chakula, akaulizwa habari za nyumbani, akalala gesti, akarudi. Bado anakwangua chumvi. Hajaoa.